Sifuri Nne Katika Daftari la Mvua

Nilipima mvua kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote nilidanganya mara moja tu. Nikisema hivyo watu hucheka na kuniambia hiyo ni sifa, maana wapo wanaodanganya mara kumi na saba kwa siku. Hawajui nilidanganya kuhusu nini.

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa juu ya kilima, kaskazini ya Bukavu, mahali ambapo ukitazama chini unaiona barabara ya Kavumu ikikata kijito kabla ya kupotea kwenye migomba. Kilikuwa kidogo. Hakikujulikana kama kile cha Lwiro, na wageni waliofika kwetu mara nyingi walikuwa wamepotea njia wakienda huko. Jengo lilikuwa moja, refu, la matofali, lenye ukumbi mwembamba na milango mitano, na juu ya kila mlango palikuwa na kibao cha jina la sayansi iliyokaa mle ndani, kwa Kifaransa. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mimea, majani yaliyokaushwa kati ya kurasa za magazeti ya zamani. Cha pili kilikuwa cha wadudu, kila mmoja na pini yake mgongoni. Cha tatu kilikuwa cha kemia, na rafu zake zilijaa chupa za udongo kutoka mashamba yetu mpaka uwanda wa Ruzizi. Cha nne kilikuwa na mashine ya matetemeko ya ardhi, iliyochora mstari mmoja mchana na usiku juu ya karatasi iliyopakwa masizi, ikingoja nchi itikisike. Cha tano kilikuwa changu, cha hali ya hewa, na humo hamkuwa na kitu isipokuwa meza, daftari na mimi. Vyombo vyangu vilikuwa nje, ndani ya uzio: vipimajoto katika kisanduku cheupe, na kopo la mvua juu ya kigingi.

Mkuu wa kituo, Mbelgiji mmoja mwenye kikohozi, alinichukua kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Siku ya kwanza aliniambia kwamba sayansi haianzi na akili nyingi. Inaanza na mtu anayetazama kitu kilekile, saa ileile, kila siku, na kuandika alichokiona, si alichokitaka. Akili zitakuja baadaye, alisema, na huenda zikawa za mtu mwingine. Basi kila siku saa mbili kamili asubuhi nilishusha kopo, nikamimina maji kwenye kioo chenye alama, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na maji, nikaandika. Kama hapakuwa na maji, niliandika sifuri. Kama sikupima, ilibidi nichore kistari na kueleza sababu kwenye safu ya mwisho. Alirudia jambo hilo mpaka nikalichoka: sifuri maana yake nilitazama, hapakuwa na kitu, kistari maana yake sikutazama. Mtu anayechanganya hivyo viwili, alisema, heri akauze samaki.

Nyuma ya jengo palikuwa na karakana isiyo na kibao. Humo alifanya kazi fundi wetu, mtu wa Mwenga, mwenye vidole vinene vilivyoweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Saa ya mashine ya matetemeko ilipokufa, aliifufua kwa springi ya saa ya mezani aliyoipata sokoni Kadutu. Kopo langu lilipotoboka kwa kutu, alikata jingine kwa bati, mdomo wake sawasawa na ule wa kwanza, akalipima mara tatu kabla ya kunikabidhi. Hata hivyo mimi nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye kibao mlangoni, naye alilijua hilo.

"Weye unapimaka mvua," aliniambia. "Miye nazibaka paa. Mvua ikinyesha, batu bataita nani?"

"Bila miye, utajuaje unaziba juu ya mvua gani?"

"Najua. Ile yenye iko inaingia."

Tulibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, mimi nikisema ufundi ni mtoto wa sayansi, yeye akisema ni mama yake. Ushahidi ulikuwa upande wake, lazima nikiri. Watu waliziba paa kabla ya mtu yeyote kufikiri kupima mvua, na mimi mwenyewe nisingepima hata tone bila kopo lake. Lakini kumwambia hivyo mbele ya macho yake, ningekufa kwanza.

Ikaja miaka ya Zaïre. Tulibadilisha majina, tukavua tai, tukavaa abacost, lile koti lisilohitaji tai, tukaanza kuitana citoyen, yaani raia. Wazungu wa kituo waliondoka mmoja mmoja, na wenzetu waliosoma wakaitwa Kinshasa na Kisangani, au wakajiita wenyewe kwenye kazi nyingine. Kila aliyeondoka alinikabidhi ufunguo wake akisema atarudi. Mwishowe nikawa na funguo tano kwenye kamba moja, na sayansi zote za kilima kile zikawa mfukoni mwangu. Siku za Jumamosi nilifungua vyumba vipate hewa. Siku moja nikakuta wadudu walio hai wameingia chumba cha mimea, wanakula majani yaliyokaushwa kwa raha zao, hawakusoma kibao. Nilisimama pale nikiwaza. Majani yale yaliota kwenye udongo wa chumba cha tatu, na udongo ule ulingoja mvua ya chumba cha tano. Milango ilikuwa yetu sisi, si ya dunia. Ilikuwa habari moja tuliyogawana watu watano, na sasa nilibaki nayo peke yangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Fundi naye akarudi kwao, ambako wachimba dhahabu walimhitaji kwa pampu zao. "Kule batu banataka maji itoke mu shimo," alisema akifunga vyombo vyake kwenye gunia. "Huku hakuna mwenye anataka kitu."

Kila mwisho wa mwezi nilinakili tarakimu zangu kwenye fomu, nikazitia kwenye bahasha, nikazipeleka posta ziende Kinshasa. Halikurudi neno hata moja, hata la kunigombeza. Mtu anaweza kuishi bila kusifiwa, lakini kuishi bila hata kugombezwa ni kazi ngumu.

Msomaji wangu pekee alikuwa mke wangu, naye hakujua kusoma. Hatukujaliwa mtoto. Tuliishi katika nyumba ndogo ndani ya uzio wa kituo, hatua ishirini kutoka kwenye kopo. Kila asubuhi, nikirudi na daftari, aliniuliza, "Mungu alitupa ngapi leo?" Nilimtajia, naye akaenda shambani kwake, akachoma kidole kwenye udongo, akaniambia kama maharage yameridhika. Mara nyingi kidole chake na kioo changu vilikubaliana. Vilipokosana, nilikwenda kuangalia kioo kwanza.

Tuligombana mara moja tu vibaya, alipopanda lengalenga, mchicha wa kwetu, chini ya kigingi. Sheria inasema kitu chochote kisiote karibu na kopo, kwa sababu majani hurusha matone. Niling'oa zote asubuhi moja, kabla hajaamka. Alipika sombe, majani ya muhogo, siku ile bila chumvi, akakaa mbele yangu akinitazama mpaka nikamaliza sahani. Leo ningeacha lengalenga ile iote mpaka ifunike kopo lenyewe.

Alikufa mwezi wa nne, kwa homa iliyomchukua siku tano. Tulimzika asubuhi, baada ya mimi kupima mvua. Ndiyo, siku ile nilipima, mazoea ni kitu cha ajabu. Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini mvua ikaanza, na haikuacha kwa siku nne ila kupumua. Watu walifunga maturubai uani wakakaa na mimi. Kwa watu wa ukoo wake, mume aliyefiwa haondoki kwenye mkeka wala hagusi kazi mpaka siku ya kunyoa nywele. Basi nilikaa. Kutoka kwenye mkeka nililiona kopo, nikayasikia maji yakiliingia, na saa mbili ikafika na kupita, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tatu mama yake alifika kutoka upande wa Kavumu, amelowa mpaka kiunoni. Kijito kilikuwa kimesomba daraja la miti, akalazimika kupanda milima kutafuta mahali pa kuvukia. Hakumwona binti yake. Alikaa kando yangu, akanishika mkono.

Asubuhi ya siku ya nne mvua ilikatika, wakatunyoa nywele. Kisha shangazi wa mke wangu akasema maji yote yaliyolala uani siku za kilio lazima yamwagwe, na anayeyamwaga ni mume, kwa mkono wake. Sijui kama hiyo ni desturi ya Washi wote, kabila la mke wangu, au ya ukoo ule tu, sikuwahi kuuliza. Nilimwaga mitungi, nikamwaga mabeseni, nikamwaga sufuria zilizokingwa chini ya paa.

"Inabakia ile," shangazi alisema, akionyesha kopo.

"Shangazi, ile iko ya serikali."

"Maji yenye ililala na kilio haina serikali."

Nilijua la kufanya. Maji ya siku nne yalikuwa bado mle ndani, na kanuni ilikuwepo: pima yote kwa pamoja, andika jumla, eleza kwamba siku zile hukupima. Kioo kilikuwa mezani. Nililishusha kopo, na lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji yakanimwagikia mikononi na miguuni. Nikalipindua. Wala sikuiamini ile desturi, nisimsingizie shangazi. Nilimwaga kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeinama kutazama maji, wakati hakuna tena wa kumtajia ni ngapi.

Mchana ule watu walipotawanyika nilifungua daftari. Mistari minne ilikuwa mitupu. Kuchora kistari kulitaka maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa kwamba mke wangu amekufa, niyaandike kwa ule mwandiko mzuri, yafike mbele ya karani nisiyemjua, ayapige muhuri na kuyatia kwenye faili. Sikuweza. Niliandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Sifuri haiulizwi kitu.

Kesho yake nilipima kama kawaida, nikaingia nyumbani, nikataja tarakimu kwa sauti, kisha nikakumbuka. Ilinichukua miezi kuacha kufanya hivyo.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja ya kiangazi gari lilipanda kilima, na aliyeshuka hakuwa amepotea. Alikuwa mhandisi kijana, mwenyeji wa Lubumbashi, abacost yake ina tope mpaka magotini. Alipewa kazi ya kujenga daraja la zege mahali pa lile la miti, na watu wa chini walimwambia kuna muzee huko juu anapima mvua. Alikaa chumbani mwangu siku mbili, akisoma daftari zangu zote, akifuata kila mstari kwa kidole na kunakili kwenye karatasi zake. Aliniambia alitafuta tarakimu hizo Kinshasa akakosa hata karatasi moja. Yaani bahasha zangu zote zile hazikuwa zimefika popote. Lakini sikuumia siku ile. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata chakula baada ya njaa. Nilimpikia maharage, nikamwonyesha vyumba vyote, hata nikamweleza habari za wadudu na majani.

Naye alinieleza kazi yake. "Papa, muto hauwezi kuniambia utapanda mpaka wapi," alisema. "Lakini mvua ya miaka mingi inaweza. Natafuta zile siku zenye mvua ilinyesha sana zote pamoja, halafu nafanya calcul, hesabu ya maji. Nikikosa chiffre yako, zile tarakimu, najenga kwa kubahatisha." Nilimkumbuka fundi wangu wa Mwenga. Nilitamani angekuwepo amsikie mtu wa zege, mtu wa ufundi hasa, akisema hawezi kuziba bila mimi kupima.

Siku ya pili, jua likielekea kushuka, alinionyesha mchoro wake. Daraja lingekaa juu ya buse mbili, yaani mabomba mapana ya zege ya kupitishia maji.

"Batu ba chini banasema ile daraja ya zamani ilibebwa na maji, mu mwezi wa ine," alisema. "Miye naangalia ku daftari yako: mu mwezi wa ine, siku ine zote, zéro. Kwa hiyo haikuwa maji. Miti ilioza tu, batu banasingizia muto. Buse mbili zitaenea."

Alifunga daftari kwa heshima, kwa mikono miwili, akanishukuru. Nami nilimsindikiza mpaka kwenye gari, nikampungia mkono. Sikusema kitu.

Nilijitetea kwa kila namna. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia. Hata nikisema, sina tarakimu ya kumpa. Nilijiambia buse mbili ni nyingi. Lakini kilichonishika mdomo hakikuwa hicho. Kilikuwa kwamba katika miaka yote ile nilikuwa nimepata msomaji mmoja, aliyeniamini mstari kwa mstari, na kesho yake ningemwambia asiniamini. Upande wa pili alikuwa mama mkwe, amelowa mpaka kiunoni. Safari ile alipata mahali pa kuvukia. Mtu mwingine asingepata.

Asubuhi nilipima, nikaandika, nikalichukua daftari la mwaka ule, nikashuka mpaka kambini kwao kando ya kijito. Nilimkuta anakunywa chai amesimama.

"Zile zéro ine haziko za kweli," nilimwambia. "Mvua ilinyesha. Sikupima."

Alikiweka kikombe chini, akauliza sababu. "Juu ya nini?"

"Ilikuwa kilio ya bibi yangu."

"Pole, papa." Alilifungua daftari pale penye sifuri. "Lakini juu ya nini hukuandika vile?"

Nilimwambia nilishindwa. Nikamweleza habari ya mama mkwe na daraja, habari ya shangazi, na jinsi nilivyoyamwaga maji. Aliposikia nimeyamwaga alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole. Kisha akaniuliza kopo lilikuwa limefika wapi.

"Lilijaa. Lilifurika ku mikono yangu."

"Lilijaa mpaka juu kabisa?"

"Mpaka juu."

Akatoa penseli. Aliniambia basi tuna kitu. Hatutajua mvua ile ilikuwa kiasi gani, kwa sababu iliyofurika ilikwenda zake. Lakini kopo lina ukubwa wake unaojulikana, na mvua haikuwa chini ya hapo. Kwa anayejenga, alisema, kujua kisichopungua kunatosha kuanzia. Nilikuwa nimekaa na sayansi miaka yote ile nikidhani nisichokipima kimepotea chote. Aliniambia nizifute sifuri mimi mwenyewe, si yeye. Nilizikata kwa mstari mmoja, nikachora vistari vinne, na kwenye safu ya maelezo nikaandika kwamba mke wangu alikuwa amekufa na chombo kilifurika. Ndio ukurasa pekee wenye mwandiko mbaya.

Kisha akaniuliza alichopaswa kuniuliza. "Kuna zéro zingine za namna hii?"

"Hakuna."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama muuzaji aliyewahi kumpunja mara moja. Akaitikia kwa kichwa. Sikujua kama aliniamini, na sijui mpaka leo, kwa sababu hakupanda tena kilimani. Alimaliza daraja kabla ya masika, akahamishiwa kazi za upande wa Sange, na sikusikia habari zake tena. Nilirudi kwenye kopo langu na funguo zangu tano. Upweke niliouzoea haukuniuma kama ule mpya, maana sasa nilijua kusomwa kunafanana na nini.

Mwezi wa nne uliofuata mvua kubwa ilinyesha siku mbili mfululizo. Nilipomaliza kupima nilishuka kwenda kuona. Kijito kilikuwa kimegeuka mto mwekundu, kinanguruma. Buse mbili zilikuwa zimejaa mpaka juu, zimezibwa na maji, na maji yaliyozidi yalikuwa yanapita kwenye ya tatu, aliyoiongeza mhandisi juu kidogo baada ya mimi kushuka kambini, yakiijaza nusu tu, kwa utulivu. Juu, wanawake walivuka na mizigo ya ndizi mgongoni wakiongea habari zao za soko. Nililia pale kwenye ukuta wa daraja, na kwa kuwa mvua ilikuwa bado inanyesha hakuna aliyeniuliza. Buse mbili zingetosha kwa mvua niliyoiandika mimi. Ile ya tatu ni ya mke wangu.